Kadi ya Idi ya Kuchonga: Ubao, Patasi na Upawa

Kadi yangu ya kwanza ya Idi niliichonga masiku matatu, kila baada ya tarawehe, chini ya taa ya ukumbini. Usiku wa nne nikaupaka ubao wino, nikalaza karatasi juu yake, nikasugua kwa mgongo wa kijiko, nikaifunua. Ilisomeka KARABUM IDI.

Lililonihadaa ni neno IDI lenyewe. Nilikuwa nimeshalichapa peke yake kwa majaribio, nikaliona sawa. Neno hilo ukiligeuza mbele nyuma linabaki IDI. Ni D tu inayotazama upande mwengine, na mimi sikuikagua. Mjomba wangu, ambaye maisha yake yote amechonga milango na makasha, aliichukua ile karatasi, akaigeuza, akaitazama kwa nyuma mbele ya taa.

"Mbona huku iko sawa, mjomba?" akaniambia. "Wape tu, ila waambie waisomee kwa nyuma."

Tokea hapo nimechapa kadi kila Idi niliyopata wasaa. Ninayoyaandika hapa ni kwa mtu aliyeko Unguja au Pemba, anayetaka kuchapa kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa bila ya kuagiza sanduku la vifaa kutoka nje. Kazi si ngumu. Ni ya kinyume, na hicho ndicho kinachowakosesha watu. Kushoto kunakuwa kulia. Halafu penseli huweka alama pale unapotaka, lakini patasi huondoa pale usipopataka, na kinachochapa ni kile ulichokiacha.

Hata fundi mwenye mkono mzuri wa nakshi anaweza kuteleza hapo. Kwenye mlango, uzuri uko kwenye kina: jua la alasiri likipiga, kivuli kinaingia ndani ya jani na jani linajitokeza. Kwenye ubao wa kuchapia kina hakionekani kabisa. Wino unakaa juu, kwenye uso uliobaki bapa. Shimo liwe la milimita 2 au la sentimita nzima, kwenye karatasi ni weupe ule ule. Mjomba alinichongea waridi moja la kupendeza, majani yamepandana na kuviringika kama ya kweli. Tulipolichapa yakatoka madoa matano, pale majani yalipokuwa juu kabisa. Alikaa kimya, akawasha sigara, akasema atanichongea jengine "lililokanyagwa na gari". Hilo ndilo lililotoka waridi.

Kuchapa kwa ubao ni kazi kongwe. Katika vitabu vya kuchapwa vyenye tarehe vilivyobaki duniani, cha zamani zaidi ni Sutra ya Almasi, kitabu cha dini ya Kibudha cha Uchina, cha mwaka 868, na kilichapwa kwa mbao. Japani waligawana kazi: mmoja akichora, mwengine akichonga, mwengine akichapa, na ile picha maarufu ya wimbi ya mchoraji Hokusai, ya mwanzoni mwa miaka ya 1830, ilipita mikono yote hiyo. Mjerumani Albrecht Dürer alitoa picha ya kifaru mwaka 1515 bila ya kumuona kifaru, kwa maelezo na mchoro wa mtu mwengine, na ubao ukaieneza Ulaya. Kwa hivyo ukijua kuchora na hujui kushika patasi, na jirani yako ni fundi makasha, hakuna aibu kugawana.

Kuanza mapema

Wino wa mafuta haukauki kama nguo. Unakauka kwa kukamatana na hewa, polepole, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Wakati wa kaskazi kadi hukauka siku mbili tatu. Masika inaweza kuchukua wiki nzima na bado ukiigusa inakuachia alama ya kidole. Hesabu kinyumenyume basi: kadi ziwe zimeshakauka mwezi 25 Ramadhani, maana baada ya hapo nyumba nzima imo kwenye mapazia na unga wa vileja, na hakuna atakayekupisha meza. Chapa mwezi 17 au 18. Chonga katika kumi la kati. Kumi la mwanzo ni la kuchora na kutafuta ubao.

Usichonge alasiri ukiwa umefunga. Saa kumi mkono umeshakuwa mzito na jicho liko kwenye saa. Nina kovu kwenye kidole cha shahada linaloweza kutoa ushahidi. Chonga usiku, umeshakula na umeshakunywa.

Usiandike tarehe wala mwaka kwenye ubao. Mwezi unaweza kuonekana usiku wa 29, unaweza usionekane mkakamilisha 30. Tena ubao usio na mwaka utautumia Sikukuu ya Mfungo Tatu, miezi miwili na siku kidogo baadaye, na mwakani, na mwaka wa pili yake.

Ubao

Unautaka ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti, nyuzi zake zimelala, mkavu, bapa, usio na fundo. Unene wa sentimita 2 unatosha. Wako wanaochonga kwenye kichwa cha gogo, nyuzi zikiwa zimesimama, kama alivyofanya Mwingereza Thomas Bewick katika karne ya 18, na mistari yao ni myembamba kama unywele. Ile ni kazi nyengine na vifaa vyengine.

Mimi napenda mfenesi. Una ugumu wa kiasi, nyuzi zake zimeshikana, na kwa kuwa mafundi milango wanautumia, vipande vyake vimelala kwenye karakana vikisubiri kuwa kuni. Ukilowa hutoa rangi ya manjano, lakini kwa wino wa mafuta hilo halina madhara. Mwembe unafaa pia ukipata kipande kisicho na michirizi. Msaji ni mti wa heshima kwa mlango, ila ndani yake mna chembe kama za mchanga zinazomaliza makali ya patasi, na utatumia usiku kunoa badala ya kuchonga. Anayeanza kabisa achukue plaiwudi ya milimita 9 yenye uso laini. Ubaya wake ni kwamba ukikata kukingama na nyuzi inaruka vipande, hivyo ipangie mchoro mnene.

Piga randa, halafu msasa namba 120, kisha 240, mpaka kiganja kikipita kisikwame. Futa vumbi lote. Kuna ujanja mmoja hapa: ukitaka bahari au mbingu kwenye picha, chukua brashi ya waya uisugue sehemu hiyo kufuata nyuzi. Sehemu laini za mti zinatitia, ngumu zinabaki, na zikichapwa zinatoka michirizi ya maji ambayo usingeweza kuichora mwenyewe.

Kuhusu ukubwa, karatasi ya A5 ukiikunja mara moja unapata kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, na inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Picha yenyewe iwe kama milimita 85 kwa 125 ili ukingo mweupe ubaki pande zote. Kadi isiyo na ukingo huonekana kama tangazo la dukani.

Vya kuchongea

Unahitaji kisu kidogo chenye ncha, patasi bapa ya milimita 6, patasi yenye mdomo wa mviringo (baadhi ya mafundi wanaiita bobari) na moja yenye mdomo wa pembe kama V. Usiponazo hizi mbili za mwisho, tafuta mwavuli uliovunjika. Baada ya masika imejaa majalalani. Zile mbavu zake za chuma zimekunjwa kama mfereji. Kata kipande cha sentimita 10, noa ncha yake kwa mshazari, uchomeke kwenye kijiti cha mpera ulichokitoboa. Kwenye plaiwudi kinachimba vizuri kabisa. Kwenye mfenesi utakinoa kila baada ya dakika chache, lakini kwa kadi moja utafika.

Noa kwa kinoo na maji, umalizie kwa kusugua makali kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu, inateleza, haijulikani itasimama wapi. Kali inakwenda polepole na kusimama unapotaka.

Na ujitengenezee kizuizi: kipande cha ubao chenye ukuta mdogo chini upande wako, unaokamata ukingo wa meza, na ukuta mwengine juu upande wa mbele, ambao ubao wako utauegemea. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali kila wakati. Ukitaka kukata upande mwengine, geuza ubao, usigeuze mkono.

Mchoro

Hapa nitakaa kidogo, maana kadi nyingi zinaharibikia hapa kabla ya patasi kugusa mti.

Anza na mwezi. Kadi za dukani zina mwezi uliosimama wima na nyota imekaa katikati. Huo si mwezi wetu. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mwezi mwandamo tunaouona upande wa machweo, jua likishatua, huwa umelala chali, ncha zake zimeelekea juu, kama dau lililopwelewa. Wanaouona umesimama ni watu walio mbali na ikweta. Kwa mchapaji jambo hili ni nafuu kubwa: mwezi uliosimama ukisahau kuugeuza utatoka ule mwembamba wa alfajiri, wa mwisho wa mwezi, kana kwamba Ramadhani ndiyo kwanza inakuja. Mwezi uliolala hauna kushoto wala kulia. Ama ile nyota iliyo baina ya ncha mbili, haiwezekani. Pale pana mwezi, sehemu yake ya giza. Nyota iweke pembeni.

Halafu nakshi. Usizichukue kwenye intaneti wakati unapita mbele yake kila siku. Tembea Mkunazini, Malindi, Shangani, mitaa ya Mji Mkongwe, ukaangalie. Iko milango ya zamani yenye kizingiti cha mraba, na iko ile yenye tao juu, ya mtindo uliotoka Gujarati, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Kwenye fremu utaona mnyororo unaozunguka, waridi na mayungiyungi, mtende, samaki chini kabisa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na kuporomoka sehemu Desemba 2020, ilisifika kwa milango yake mikubwa. Wewe usiutake mlango mzima. Kipande cha mfaa, ule mti uliosimama katikati ya mlango, chenye mawaridi matatu kinajaza kadi.

Njia nzuri ya kuchukua nakshi ni kusugua. Weka karatasi nyembamba juu yake, shikiza kwa utepe wa karatasi wenye gundi isiyoacha alama, usugue kwa upande wa krayoni mpaka umbo litokee. Lakini piga hodi kwanza. Bibi mmoja alinifungulia nikiwa nimepiga magoti mbele ya mlango wake, akaniuliza kama ninaupima nimtafutie mzungu wa kuununua. Nilipomueleza akacheka, akaniletea kiti, na akanionesha upande wa ndani ambao hakuna mpita njia anayeuona. Kadi ya mwaka ule ilitoka upande huo.

Mchoro ukishaupata, upunguze. Kila mstari utakaouacha uwe na unene wa milimita 1 au zaidi, na unaokatisha nyuzi za mti uwe mnene zaidi ya hapo, maana ndio unaovunjika. Weusi na weupe uwe na uzito: sehemu kubwa nyeusi karibu na sehemu kubwa nyeupe. Mchoro wenye mistari mingi myembamba sawa sawa huchapika kama wavu wa dagaa.

Maneno sasa. Katika IDI MUBARAK, herufi I, M, U na A ukizigeuza hazibadiliki. Zinazokuponza ni D, B, R na K. Ziandike hizo nne kwenye karatasi, zigeuze, uzibandike mbele yako unapochonga. Urefu wa herufi usipungue milimita 12. Ukiandika kwa khati ya Kiarabu, mpe anayeijua aikague kwenye karatasi kabla hujahamisha, hasa nukta. Aya usiandike. Karatasi za majaribio zitaanguka sakafuni, nyengine zitakwenda jaani, na kadi nayo haijui itaishia wapi.

Kuhamisha mchoro

Pika chai ya rangi nzito, isiyo na sukari, uupake ubao kwa kitambaa. Ukikauka ni wa kahawia, na kila utakapochonga patatokea weupe, hivyo utaiona picha inavyokuja. Maji ya chai yanainua nyuzi kidogo, kwa hiyo pitisha tena msasa namba 240 kwa wepesi.

Chora mchoro wako kwa penseli laini, 2B au zaidi, kwenye karatasi nyembamba. Ulaze kifudifudi juu ya ubao, ushikize, usugue mgongo wa karatasi kwa kijiko. Penseli itahamia kwenye mti, na itakuwa imegeuka yenyewe. Wenye haraka wanatoa fotokopi, wanailaza kifudifudi, wanapitisha kitambaa chenye thina kidogo nyuma yake na kusugua. Wino wa mashine unashuka kwenye ubao. Fanya hivyo uani, si chumbani, na mbali na jiko.

Kabla ya kukata chochote, chukua ubao usimame nao mbele ya kioo cha kabati. Kwenye kioo maneno yasomeke sawa. Kwenye ubao yasomeke ovyo. Yakisomeka sawa kwenye ubao, futa uanze upya. Mimi sasa nakwenda kwenye kioo mara mbili, na mara ya pili ninamwita mtu mwengine asome kwa sauti.

Pitia picha kwa kalamu ya wino, kisha weka alama ya X kila mahali pa kuondoa. Utaona ni upuuzi, mpaka saa tano usiku utakapokuwa unatazama tundu la B usikumbuke kama ni la kubaki au la kutoka.

Kuchonga

Kwanza kisu, patasi baadaye. Kishike kama penseli na ukate kandokando ya mstari, ukikilaza ili mteremko uelekee nje, mbali na mstari. Mstari unaobaki uwe kama mlima, mpana chini na mwembamba juu. Ukiinamisha kisu kuelekea ndani, mstari unakuwa uyoga, kichwa kipana na shina jembamba, na siku ya kuchapa utang'oka na kuganda kwenye karatasi. Kata moja haitoshi: rudi na ya pili, milimita mbili nje ya ile ya kwanza, ikiinamia upande wa pili, mpaka zikutane chini. Kinatoka kijiti chembamba kama jani la ukoka. Kikitoka kizima bila ya kung'ang'ania, kisu chako ni kikali na umefika kina.

Chukua ile B. Anza na matundu yake mawili ya ndani kabla ya kugusa nje, maana ndani kunahitaji mti wa pembeni ubaki na nguvu. Zungusha ubao, si kisu. Tundu likishakatwa pande zote, lichokoe kwa ncha ya patasi ndogo, vumbi kwa vumbi. Kisha toka nje. Ukishamaliza herufi moja utajua kwa nini nilisema milimita 12.

Sehemu kubwa za kuondoa zifanye mwisho kwa bobari, ukifuata nyuzi za mti. Karibu na mistari kina cha milimita 2 kinatosha. Katikati ya uwanja mpana shuka mpaka 4 au 5, kwa sababu rola inazama na karatasi inabonyea, na utapata michirizi ya wino pasipotakiwa. Wengine wanaiacha michirizi hiyo kwa makusudi, na mimi huiacha kidogo pembeni ya mwezi. Inaonesha kwamba kitu hiki kimetoka kwenye mti.

Kipande kikiruka usikitupe. Paka gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti, kirudishe, kibane usiku mmoja. Kikipotea, badilisha mchoro. Waridi langu moja lina majani manne badala ya matano na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wino na kuchapa

Wino mzuri uliopo hapa kwetu ni ule wa mashine za kuchapia vitabu na mabango. Nenda kwenye kiwanda cha uchapaji uombe mabaki. Kijiko kimoja cha chai kinachapa kadi nyingi. Rangi ya mafuta ya kupakia milango, ambayo pia wachoraji wa Tingatinga wanaitumia, usiiguse kwa kazi hii. Ni nyepesi, inatiririka kwenye mifereji yako na kuziba yote uliyoyachonga. Rangi ya maji ya wanafunzi wa skuli inakauka kabla hujalaza karatasi.

Rola iwe ya mpira mgumu. Ya sifongo ya kupakia kuta inaingia kwenye mashimo. Ukikosa, shona kifurushi cha ngozi laini, kikubwa kama chungwa, ukijaze sufi na kukifunga kwa uzi. Wachapaji wa zamani Ulaya walipaka wino kwa mipira ya ngozi kabla rola hazijakuwepo. Kinahitaji subira, lakini kinapaka.

Kwenye kipande cha kioo au kigae, weka wino kama punje mbili za kunde. Uviringishe mpaka utandaze tabaka moja jembamba. Sikiliza: wino ukiwa sawa, rola inatoa mchirizo mwembamba, kama mafuta yanapoanza kupokea vitunguu. Ukiona wino una vijinundu kama ganda la chungwa, umezidisha. Pitisha rola juu ya ubao kwa wepesi, mara nyingi, kutoka pande zote. Ni bora kupaka mara tano kidogo kidogo kuliko mara moja sana.

Karatasi ina siri yake. Manila ni ngumu kuichapa kwa mkono; utasugua mpaka kiwiko kiume na bado weusi utatoka na vipele. Mimi nachapa kwenye karatasi nyembamba ya gramu 80 hadi 100, halafu ninaibandika juu ya manila iliyokunjwa kwa uji wa unga wa ngano. Faida yake nyengine ni kwamba zilizoharibika hazikupotezei manila. Ukishikilia kuchapa moja kwa moja kwenye manila, ipitishie sifongo yenye maji kidogo na uiweke chini ya plastiki kwa saa moja ilainike.

Bandika kona ya kadibodi, umbo la L, mezani. Ubao ukae kwenye kona hiyo, na karatasi nayo uipange kwa alama ulizoziweka kwenye kadibodi, ili picha zote zikae mahali pamoja. Laza karatasi kwa mikono miwili, ukianzia ukingo mmoja, uiachie ishuke. Ikishagusa usiisogeze. Bonyeza kwa kiganja.

Sasa upawa. Si wa bati. Ule wa kifuu, ambao mgongo wake umelainishwa na miaka ya mchuzi. Uoshe, uukaushe, na kama bado una vinyuzi upitishie msasa laini. Sugua kwa mviringo mdogo mdogo kutoka katikati kwenda nje, ukikandamiza kwa kidole gumba. Mkunjo wake unafika mahali ambapo kijiko bapa hakifiki. Mama alinikatalia wake mwaka wa kwanza, nikanunua mwengine Darajani. Mpya haukuwa sawa. Mwishowe tulibadilishana.

Inua kona moja bila ya kuachia upande wa pili, uchungulie. Pakiwa pamepauka, rudisha, sugua tena hapo hapo. Ukiridhika, funua polepole.

Kadi tatu nne za mwanzo zitatoka hafifu. Ubao unakunywa. Usikate tamaa na usiongeze wino mwingi; ya tano itakuja. Kuanzia hapo hesabu dakika 3 au 4 kwa kila moja, kwa hiyo kadi 30 ni kazi ya usiku mmoja, na huo ndio wakati wa kuwaita watoto: mmoja anatandaza karatasi, mmoja anatundika. Patasi wasipewe.

Zitundike kwenye kamba kwa vibanio, ndani, penye upepo usio na vumbi. Usizipange moja juu ya nyengine hata ukidhani zimekauka.

Kama wino wa mafuta haupatikani, iko njia ya Kijapani: rangi ya maji ikichanganywa na uji laini wa mchele, ikapakwa kwa brashi badala ya rola, na karatasi ikalowanishwa kidogo. Inatoa rangi laini, inaonesha nyuzi za mti, na inakauka upesi. Hapo ndipo umanjano wa mfenesi utakapojitokeza, basi tumia mwembe.

Rangi ya pili mimi naipaka kwa mkono, brashi na rangi ya maji, wino mweusi ukishakauka kabisa. Kuchonga ubao wa pili ni kuzuri lakini usianze nako mwaka wa kwanza. Kuoanisha mbao mbili kunataka ile kona ya kadibodi iwe sawa kwa unywele, na Ramadhani haikungoji.

Kumalizia

Futa ubao kwa mafuta ya kula na kitambaa, kisha sabuni kidogo isiyo na maji mengi. Mikono vivyo hivyo. Ufunge kwa gazeti na uulaze bapa juu ya kabati. Ukiuegemeza ukutani utapinda.

Kadi za Pemba nampa mtu anayesafiri na meli, si chini ya wiki moja kabla, zikiwa na karatasi nyeupe kati ya kila mbili. Za watoto naweka noti ndani, mkono wa Idi, na kwa hao nimegundua kwamba nakshi haitazamwi mpaka noti itoke.

Ule ubao wangu wa kwanza sikuutupa. Mjomba aliuomba, akaupigilia msumari juu ya mlango wa karakana yake. Pale unasomeka sawasawa.